Kabla ya kuuliza namba ya kutuma, uliza mgonjwa yuko wapi

Fungua simu yako, ndugu msomaji, uhesabu makundi ya WhatsApp uliyomo. La ukoo lipo. La wazazi wa darasa la mtoto lipo. La jumuiya au la msikiti lipo, la mtaa, la mliosoma pamoja, la kikoba. Sasa pitia moja moja uone mara ya mwisho lilipochangamka kwelikweli ilikuwa kwa jambo gani. Mimi nilifanya zoezi hilo juzi. Niko katika makundi saba, na kwa matano jibu lilikuwa msiba au harusi.

Wiki hii sitaandika kuhusu ugonjwa mmoja kama ilivyo kawaida ya safu hii. Nataka tuzungumze kuhusu namna tunavyosaidiana ugonjwa unapoingia nyumbani, kwa sababu simu imebadilisha jambo hilo kuliko tunavyokiri, na mimi mwenyewe nina kosa la kusimulia.

Kwa msomaji asiyepajua, Chimala ni mji mdogo wilayani Mbarali, kwenye barabara kuu ya kwenda Tunduma, karibu kilomita 80 kabla hujafika Mbeya ukitokea Makambako. Upande mmoja limelala bonde la Usangu na mashamba yake ya mpunga. Upande wa pili mlima umesimama kama ukuta, na barabara ya kuupanda kwenda Matamba, wilayani Makete, ina kona 57. Wenyeji wanaiita Hamsini na Saba. Malori ya viazi huteremka hapo taratibu, breki zikinuka. Chini kabisa, karibu na lami, ipo Hospitali ya Misheni Chimala, na kwa miaka mingi wagonjwa wa milimani wamekuwa wakiteremka kuifuata, zamani kwa machela na siku hizi kwa pikipiki.

Mpwa wangu anaishi kijiji kimoja cha huko juu. Miaka michache iliyopita, wakati wa mavuno ya mpunga, alishuka Usangu kufanya kibarua, mtoto wake wa miaka mitatu mgongoni. Walikaa wiki tatu, wakarudi nyumbani na gunia la mchele. Siku kama kumi baadaye mtoto akashikwa na homa. Huko juu ni baridi, mbu ni wa kutafuta, na mtoto akichemka watu husema ni mafua au kichomi. Hakuna aliyefikiria malaria.

Saa 3 usiku ujumbe ukaingia kwenye kundi letu la ukoo: "Shikamooni wazee wangu, poleni na majukumu. Mtoto wangu anaumwa sana, amepata degedege tangu jioni. Naomba mnisaidie kwa hali na mali."

Kundi lile lina watu zaidi ya mia moja, kuanzia Tunduma hadi Dar es Salaam. Majibu yakamiminika. Pole sana mama. Mungu ni mwema. Vile vikatuni vya viganja viwili vilivyounganishwa, mstari mzima. Baba mdogo mmoja wa Dar akaandika, "Tuma namba na jina litakalotokea." Namba ikaja. Shangazi akatuma ujumbe wa sauti wa dakika mbili, kwa upendo wote, akisisitiza kwamba mtoto wa degedege asichomwe sindano kabla hajatulia, akichomwa atakufa. Watu wakaanza kuorodhesha michango: 5,000, 10,000, 3,000 na ya kutolea. Mimi nilikuwa Mbeya mjini. Nikatuma 20,000 na ya kutolea, nikaandika "Pole sana mwanangu, tuko pamoja," nikalala.

Mimi ni tabibu. Nimetibu watoto wa degedege nisioweza kuwahesabu. Na usiku ule nililala.

Asubuhi orodha ilikuwa imefika shilingi 186,000. Mtoto alikuwa bado nyumbani. Pesa zote zilikuwa ndani ya simu, na wakala wa kijiji alikuwa amefunga tangu jua lilipozama. Alipofungua saa 2 asubuhi hakuwa na fedha taslimu za kutosha, akampa mpwa wangu 40,000 akamwambia nyingine arudi mchana. Wakati huo mtoto alikuwa ameshapata degedege mara ya tatu na hakuwa anaitika akiitwa.

Hatua mia moja hivi kutoka kwenye nyumba ile anaishi mzee mmoja mwenye pikipiki anayobebea viazi. Si wa ukoo wetu. Ana kitochi, hana WhatsApp, na hata angekuwa nayo asingekuwa kwenye kundi letu. Alisikia kilio asubuhi akiwa anakoka moto. Alimpakia mama na mtoto, na chini ya saa mbili baadaye walikuwa hospitalini Chimala. Mafuta aliweka kwa pesa yake. Alichomuuliza mpwa wangu njiani ni kimoja tu: "Mbona hamkuniita?"

Walipompima damu, ilikuwa malaria kali. Akaanzishiwa sindano ya artesunate. Mtoto alipona, tunamshukuru Mungu na waliomhudumia. Lakini hadi leo anaburuta mguu wa kulia, na nikimwona anacheza na wenzake najua sehemu ya mguu ule ni ya saa zile kumi na moja ambazo sisi watu zaidi ya mia moja tulikuwa tukisaidia.

Msaada wa kwanza haukuwa pesa. Lilikuwa swali ambalo hakuna hata mmoja wetu aliyeliuliza usiku ule: mtoto yuko wapi sasa hivi? Kama ningeliuliza, ningejibiwa "yuko nyumbani", na hapo ningepiga simu badala ya kuandika, nami najua ningesema nini. Lakini kundi lina kasi yake. Mtu mmoja akishauliza namba, wote tunaifuata namba, na mtu akishatuma chake anajiona amemaliza. Wale viganja viwili vilivyounganishwa vinatupa amani ambayo hatujaifanyia kazi.

Mpwa wangu aliandika "hali na mali". Tumelisema neno hilo mara nyingi mpaka halina uzito tena, lakini lina vitu viwili ndani yake. Mali tuliituma. Hali, yaani mtu kuwepo, hakuna aliyeitoa hadi asubuhi, na aliyeitoa hakuwa mwenzetu kwenye kundi.

Naomba nisieleweke kwamba naipinga simu. Nimeishi zama za kabla yake. Kabla ya mwaka 2008, M-Pesa ilipoanza hapa nchini, pesa ya mgonjwa ilikuja kwenye bahasha mkononi mwa kondakta wa basi, ikifika. Ukitaka kumjulisha kaka yako aliye Dar kwamba mama amelazwa, ulitafuta mtu anayesafiri. Wapo wagonjwa wengi ambao wako hai kwa sababu pesa ya dawa ilifika ndani ya dakika moja kutoka kwa mtoto aliye mbali. Ndiyo maana tozo za miamala zilipoanza Julai 2021 watu walilalamika sana hadi zikapunguzwa, zaidi ya mara moja. Malalamiko yale hayakuwa ya wafanyabiashara peke yao. Walikuwemo watu wanaotuma 5,000 ya dawa ya presha ya mama kijijini.

Ninachosema ni kwamba simu inahamisha pesa vizuri na habari haraka, na sisi tumeanza kuamini kwamba vitu hivyo viwili ndio msaada wenyewe. Wazee wetu hawakuwa na pesa wala habari za haraka. Walichokuwa nacho ni machela, na vijana wanne ambao hawakuuliza mgonjwa ni wa ukoo gani. Vikundi vyao vya kufa na kuzikana vilikuwa vya watu waliopakana, si vya watu waliozaliwa pamoja wakatawanyika. Kundi la simu limeturudisha kwa ndugu walio mbali, jambo jema, lakini bila kukusudia limetufanya tumruke jirani. Mpwa wangu alipopatwa na shida aliandikia watu walioko kilomita 800, akamwacha mwenye pikipiki aliye hatua mia moja. Nilipomuuliza kwa nini, alisema aliona aibu kumwamsha mzee wa watu usiku. Kuandika kwenye simu hakuna aibu.

Sasa, kuhusu ule ujumbe wa sauti wa shangazi. Imani kwamba mtoto wa degedege akichomwa sindano atakufa ni ya zamani na imeenea sehemu nyingi za nchi yetu, na wazee walioianzisha hawakuwa wajinga. Walikuwa wanaeleza walichokiona. Mtoto alichelewa, akapelekwa kwanza kufukizwa, akafikishwa hospitali akiwa mahututi, akachomwa sindano, akafa. Jicho likaona sindano, halikuona saa zilizopotea. Zamani imani hiyo ilitembea kwa miguu, kijiji hadi kijiji, na njiani ingeweza kukutana na muuguzi wa zahanati akaipinga. Sasa inaruka kutoka Dar es Salaam hadi mlimani ndani ya sekunde, kwa sauti ya mtu unayemheshimu, na ni vigumu sana kumpinga shangazi mbele ya ukoo mzima. Mimi ningeweza. Nilikuwa nimelala.

Kwa hiyo mzazi, lishike hili. Mtoto mwenye homa akipata degedege, hiyo ni dharura, saa yoyote. Inaweza kuwa malaria kali, inaweza kuwa homa ya uti wa mgongo, inaweza kuwa sukari imeshuka. Wakati mwingine ni homa tu kwa mtoto mdogo na itapita bila madhara, lakini wewe ukiwa nyumbani huwezi kujua ni ipi. Mlaze ubavu, usimtie kijiko wala kidole mdomoni, usimnyweshe kitu hadi azinduke vizuri, mwondoe karibu na moto, na wakati huo huo mtu mwingine awe anatafuta usafiri. Ikiwa zahanati iko karibu kuliko hospitali, pitia hapo, kwa sababu wanaweza kumwanzishia dawa kabla ya kumpa rufaa. Kama mmetoka mahali penye mbu wengi wiki chache zilizopita, sema hivyo kabla hujaulizwa. Watu wa baridi wanaoshuka Usangu, Kyela au kwingine kwenye joto hawana kinga kama ya wenyeji wa huko, na malaria ikiwapata huwa kali upesi.

Na si degedege peke yake. Mtoto asiyeweza kunyonya wala kunywa, anayetapika kila anachopewa, aliyelegea au asiyeamka vizuri, anayepumua kwa shida huku mbavu zikiingia ndani: hawa wote si wa kuombewa ushauri kwenye kundi. Ni wa kubebwa. Vivyo hivyo mjamzito anayetokwa damu, anayeumwa kichwa sana na kuona ukungu, au ambaye mtoto ameacha kucheza tumboni. Tukishafika hospitali ndipo tuandike. Kwanza ujumbe unaoandikwa ukiwa hospitalini huwa na maana zaidi, kwa sababu unajua kinachohitajika.

Hapa kuna simu moja ambayo inaleta hali, si mali tu, nayo wengi hawajaizoea. Ni namba 115 ya mfumo wa M-Mama. Haikatwi salio. Ni kwa ajili ya wajawazito, waliojifungua ndani ya siku 42, na watoto wachanga walio chini ya siku 28. Ukipiga, mpokeaji anauliza dalili, anapima uzito wa hali yenyewe, kisha anatafuta gari la wagonjwa lililo karibu. Kama halipo, anampigia dereva wa kawaida wa eneo hilo aliyesajiliwa kwenye mfumo, mwenye gari lake mwenyewe, na dereva huyo analipwa kwa simu akishamfikisha mgonjwa. Yaani ni jirani yuleyule mwenye chombo, ila sasa ameandikwa mahali na mafuta yake yana mlipaji. Mfumo ulianzia Sengerema na Shinyanga kisha ukaanza kusambazwa nchi nzima mwaka 2022. Vifo vya akina mama vilivyokuwa 556 kwa kila vizazi hai 100,000 katika utafiti wa kitaifa wa 2015/16 vilikadiriwa kuwa 104 katika ule wa 2022. Sisemi ni simu iliyofanya hivyo. Mfumo ulikuwa haujasambaa wakati huo, na yamefanyika mengi, vituo vya afya, watumishi, vyumba vya upasuaji. Nasema njia ya kwenda kwenye huduma hizo sasa ina namba, na namba hiyo inastahili kukaa kwenye simu ya kila baba mwenye mke mjamzito kabla ya namba ya mpiga picha wa sherehe.

Lakini mjukuu wangu alikuwa na miaka mitatu. Kwa mtoto wa umri huo, kijijini kama kile, usiku, gari lenu la wagonjwa ni jirani.

Turudi kwenye ile 186,000. Kwa miaka kadhaa kaya ya watu 6 ilikuwa ikijiunga na CHF iliyoboreshwa kwa shilingi 30,000 kwa mwaka. Piga hesabu. Tulichochanga usiku mmoja, tukiwa tumechelewa, kingelipia kaya sita mwaka mzima na chenji ikabaki. Kundi letu halijawahi kuchangisha bima ya mtu. Lilichangisha sanduku la babu, tena sanduku zuri, na keki ya harusi ya ngazi tano. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023 na utaratibu unaendelea kubadilika, kwa hiyo ulizia zahanati ya kwako au ofisi ya kijiji mpango uliopo sasa na gharama yake. Kisha liulize kundi la ukoo ni bibi gani hana kadi. Utaona ukimya. Ukimya huo ndio nataka tuuvunje, kwa sababu watu haohao wakisikia bibi amefariki watatuma kabla jua halijazama.

Najua sababu. Msiba una tarehe, una hesabu, na majina ya wasiochanga yanaonekana. Ugonjwa hauna mwisho unaojulikana, na mtu anaogopa kuanza. Presha, kisukari, figo, hayo ni ya kila mwezi, na mwanakundi wa kwanza kuchoka hujificha kwa kuzima data. Kwa magonjwa ya namna hiyo kundi la watu mia haliwezi. Wanafaa watu watano walioketi wakakubaliana kila mmoja mwezi gani, bila tangazo. Nimeona familia moja ya Igurusi ikimtunza mama yao mwenye kisukari kwa njia hiyo kwa miaka, wala ukoo haujui nani ametoa nini.

Kuna kitu kingine ambacho hakitumwi kwa simu: damu. Mgonjwa wa upasuaji au mama aliyetoka damu nyingi anahitaji watu wenye mikono ya kuchomwa. Nimewahi kuona wodini kijana mwenye laki tatu za michango kwenye simu akilia kwa sababu hakuna ndugu hata mmoja aliyefika kuchangia chupa. Damu haiuzwi, na ukiona anayekuuzia, mripoti. Mtu mwenye afya njema mwenye miaka 18 hadi 65 na uzito usiopungua kilo 50 anaweza kuchangia, mwanaume kila baada ya miezi mitatu na mwanamke kila baada ya minne. Kwa hili kundi la simu lingefaa kuliko kwa michango yote, kama ujumbe ungesema hospitali gani, wodi gani, saa ngapi, na kama wanaojibu wangejibu "nakuja" na si "amina".

Niseme pia kuhusu picha. Kuna desturi imeingia ya kumpiga mgonjwa picha akiwa na mirija puani, nguo imefunuka, kisha kuirusha kundini ili watu waguswe. Wanaguswa kweli, na wanaisambaza. Baada ya wiki mbili mgonjwa anapona na kila anayekutana naye sokoni ameshamwona uchi wake. Wengine huweka na cheti cha majibu ya maabara. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu taarifa za afya kuwa taarifa nyeti, lakini hata kama sheria isingekuwepo, jiulize kama ungependa mwanao akuone hivyo. Wapo wagonjwa, hasa wanaoishi na VVU au wenye kifua kikuu, ambao wanaacha kuomba msaada kabisa kwa kuogopa kundi. Wanaumia kimya wakiwa na ndugu mia. Jina la mgonjwa, mahali alipo na mtu wa kumpigia vinatosha. Ugonjwa ni wake.

Na kwa kuwa mnanitumia maswali haya kila mara: ndiyo, matapeli wapo. Mtu anaiba akaunti ya ndugu yako, anaandika kwamba mtoto amelazwa, "ile pesa tuma kwenye namba hii". Kabla ya kutuma piga simu usikie sauti. Sekunde thelathini hazitamuua mgonjwa, na utakuwa umepata nafasi ya kuuliza lile swali langu.

Baada ya yale yaliyompata mjukuu wangu tulizozana sana kwenye kundi, nisiwafiche. Wengine waliona ninawalaumu watu waliotoa jasho lao. Shangazi hakuongea nami kwa miezi, na sikumlaumu. Mwishowe tulikubaliana mambo machache. Kila kijiji tulikotawanyika, kuanzia huko juu hadi Rujewa na Mbeya, tumeandika mtu mmoja mwenye chombo na mmoja anayeweza kulala na watoto mama akienda hospitali, wawe ndugu au wasiwe. Tumeweka akiba ndogo ya fedha taslimu kwa mama mmoja wa dukani kwenye kila kijiji ambako wakala hulala mapema. Elfu hamsini tu, mafuta ya kwenda na kurudi na kitu cha kuanzia. Ujumbe wa ugonjwa ukiingia, mtu wa kwanza kujibu anapiga simu, haandiki. Haya hayafuatwi kila mara. Mwezi wa tatu mtu aliweka tena picha ya mgonjwa na ikabidi nimpigie.

Yule mzee wa pikipiki bado ana kitochi. Hakuingia kwenye kundi, ila namba yake tumeigandisha juu kabisa ya ukurasa wa kundi, na watu wa Dar ambao hawajawahi kumwona wanayo kwenye simu zao. Ana tabia ya kunibipu. Wiki mbili zilizopita alinibipu saa 5 usiku, na nilipompigia nilisikia injini na upepo.

"Shikamoo mzee," nikasema. "Kuna nini?"

"Marahaba. Binti wa jirani zangu, si wa kwenu. Anapumua vibaya."

"Yuko wapi?"

"Yuko hapa mgongoni, mama yake kamshikilia. Tumebakiza kona chache. Taa za Chimala naziona. Wewe wapigie hospitali tu, waambie tunakuja."